Silikoni nyekundu na radieta mpya: je, gari hilo lilichemka?

Swali: "Hujambo fundi? Mimi ni mwalimu, naishi Nakuru. Nimepata Toyota Fielder ya mwaka 2013, iko Kisumu, inauzwa na mwenyewe wala si yadi. Mita inasoma kilomita 98,000 na bei iko chini kidogo kuliko nyingine nilizoona. Mwenyewe anasema injini haijawahi kuguswa. Binamu yangu aliye huko alienda kuitazama akanitumia picha: kwenye kava ya juu ya injini kuna silikoni nyekundu imejitokeza pembeni, radieta ni mpya kabisa, na injini imeoshwa inang'aa. Nilipouliza, mwenye gari alikasirika, akasema kama siamini niwaachie wengine. Niache? Na mtu kama mimi asiyejua spana nitalitambuaje gari lililofunguliwafunguliwa?"

Jibu: Mwalimu, usiache bado, lakini usitume hata shilingi ya dipoziti. Picha hizo zinauliza swali moja: je, gari hilo liliwahi kuchemka? Hilo likipata jibu, mengine mengi ni ya kupatana bei.

Gari la 2013 lisilowahi kuonja spana mimi silitafuti, na nikiambiwa lipo siamini. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililopita miaka 8, kwa hiyo hilo lilishuka Mombasa miaka kadhaa iliyopita na tangu hapo limekuwa likila mashimo yetu. Plagi zimebadilishwa, breki zimebadilishwa, busha zimebadilishwa. Hata radieta hizi zenye vichwa vya plastiki hupasuka kwa uzee tu. Kwa hiyo alama ya spana hainitishi. Ninachotaka kujua ni nini kilimlazimisha mtu afungue pale, na je, aliyefungua aliondoa chanzo au alifunika tu. Muuzaji akiniambia "radieta ilipasuka, risiti hii hapa", amenipunguzia kazi. Akiniambia haijaguswa huku silikoni inachungulia, basi kazi imebaki yangu.

Tuanze na hiyo silikoni, maana ndiyo inayotisha watu na mara nyingi ndiyo yenye neno dogo. Nikichukulia kwamba hiyo ni injini ya 1NZ, ile ya lita moja na nusu iliyo kwenye Fielder nyingi za mwaka huo, kava ya juu ndiyo tunayoiita tapeti kava. Chini yake kuna gasketi ya mpira. Kiwandani huweka silikoni kidogo tu, mahali pawili ambapo kava ya cheni, ile ya ubavuni, inakutana na hedi, yaani kichwa cha injini. Baada ya miaka ya joto mpira hukauka, oili ikaanza kutoka jasho, na ikidondokea ekzosi unasikia harufu ya kuungua ukisimama kwenye taa za barabarani. Dawa yake ni gasketi mpya. Fundi mwenye haraka, au mwenye gari asiyetaka kutoa pesa, huirudisha ile ya zamani, wakaizungushia silikoni pande zote, wakafunga. Ni kazi ya muda mfupi na haigusi pistoni wala hedi. Kwa hiyo mwenye gari anaweza kuwa anasema kweli kwa kadiri anavyojua.

Ubaya wa silikoni hiyo uko kwingine. Ikiwa imejitokeza nje namna hiyo, jua imejitokeza ndani vilevile. Kile cha ndani hukatika vipande, kikateremka na oili mpaka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na huko kuna chujio ambalo pampu ya oili hufyonzea. Likiziba, taa nyekundu ya oili itakuwakia ukiwa kati ya Kericho na Londiani, na ukiendelea kilomita chache tu injini imekwisha. Binamu yako akirudi, afungue kifuniko cha kujazia oili amulike ndani na tochi ya simu. Akiona vyuma vina rangi ya asali, gari lilikuwa likibadilishwa oili. Akiona tope jeusi limeganda, oili ilisahauliwa. Akiona utando mweupe kama maziwa mala, kuna maji ndani. Hapa Nakuru asubuhi za baridi utando mwembamba chini ya kifuniko unaweza kutokea kwa gari la safari fupifupi hata likiwa zima, lakini kwa joto la Kisumu kisingizio hicho sikikubali.

Silikoni ya kunikosesha usingizi ni ya chini na ya ubavuni: kwenye sampu na kwenye kava ya cheni. Huko kiwanda kwenyewe kinatumia silikoni badala ya gasketi, lakini mashine huipaka nyembamba, sawasawa, rangi ya kijivu au nyeusi isiyong'aa, na inayojitokeza ni kidogo. Ya mkono wa fundi ni nene, ina mawimbi, mahali pengine imefutwa kwa kidole na alama ya kidole unaiona.

Sasa sikiliza jambo hili, kwa sababu litakuokolea pesa. Gari likichemka vibaya, hedi ndiyo hutolewa kutengenezwa, na kwenye 1NZ hedi haitoki bila kutoa kava ya cheni. Na kava ya cheni haitoki bila kufungua mauntingi ya injini, yaani kishikio chenye mpira kinachoishikilia injini kwenye bodi, ya upande wa kulia, ule wa dereva. Mauntingi hiyo iko juu, inaonekana ukifungua boneti, haihitaji jeki wala shimo. Mwambie binamu apige picha ya karibu ya kila bolti ya mauntingi hiyo, mchana, akiwa ameshika simu kiasi cha shubiri moja kutoka kwenye chuma.

Utatazama nini kwenye picha? Bolti ya kiwanda ina pembe sita kali, rangi yake ni moja kichwa kizima, na mara nyingine ina doa au mstari mdogo wa rangi ambao mkaguzi wa kiwandani aliuweka baada ya kukaza. Doa hilo likivuka kutoka kwenye bolti hadi kwenye chuma kilicho chini bila kukatika, bolti haijazungushwa tangu Japani. Spana ikipita, pembe huchubuka, chuma cheupe kikatokea, na baada ya mvua mbili tatu ile michubuko hugeuka vijipembe vya kutu. Soketi ya ukubwa usio sawa huzidisha: pembe zinaviringika kabisa. Tazama pia chini ya kichwa cha bolti. Ikiwa iliondolewa na kurudishwa, mara nyingi kuna mduara unaong'aa uliokaa pembeni kidogo ya pale bolti ilipo sasa.

Bolti hizo zikiwa hazina hata mchubuko mmoja, nina hakika karibu yote kwamba hedi haijatoka, na hadithi yako inabaki ya tapeti kava iliyofungwa kivivu. Zikiwa zimechubuka, bado si hukumu. Mauntingi zenyewe huisha mpira na hubadilishwa, na mtu anaweza kuwa alibadilisha hiyo tu. Lakini mauntingi imefunguliwa, kava ya cheni ina silikoni ya mkono, na radieta ni mpya? Hapo mimi natafuta dalili za kuchemka mpaka nizipate au nizikose.

Kuhusu kuosha injini: kila anayeuza gari huosha, hata mimi ningeosha. Maji huondoa vumbi na oili iliyovuja, kwa hiyo yanaficha uvujaji wa sasa. Hayaondoi mchubuko kwenye bolti wala hayarudishi doa la rangi. Dawa ya injini iliyooshwa ni kuiendesha nusu saa na zaidi, kisha kumulika tena. Inayovuja itaanza kulia upya.

Radieta mpya ina maelezo matatu: uzee, kugongwa, au kuchemka. La kugongwa unaweza kulimaliza kwa dakika moja. Mbele ya radieta kuna kondensa ya AC, ndiyo inayopokea upepo kwanza. Gari la Kisumu lililokaa miaka pale huwa na kondensa iliyojaa mizoga ya wale wadudu wa ziwani wanaoruka makundi makundi, wamekaukia kwenye mapezi. Kondensa ikiwa ya zamani na ina wadudu wake, huku radieta nyuma yake ni mpya, gari halikugongwa mbele kwa nguvu. Kondensa nayo ikiwa mpya, taa moja angavu na nyingine imefifia, bolti za boneti na za mbawa zimemenyeka rangi, basi uliza kuhusu nozikati. Watu wengi hununua sehemu yote ya mbele ya mtumba wakaipachika, na kazi hiyo ikifanywa vizuri gari linaendesha vizuri. Ikifanywa vibaya, tairi za mbele zitakula upande mmoja daima.

Tukija kwenye kuchemka. Fielder hiyo haina mshale wa joto. Ina taa ya bluu inayowaka injini ikiwa baridi, na nyekundu joto likipita kiasi. Katikati ya hizo mbili dereva hana habari yoyote, na taa nyekundu ikiwaka mara nyingi maji yamekwisha kupungua zamani. Ndiyo maana magari ya aina hii huchemshwa na watu waangalifu kabisa.

Gari lililowahi kuchemka likapita kwa mafundi wetu wa jua kali hubaki na alama mbili ambazo sijui kwa nini wauzaji hawazifichi. Ya kwanza ni feni iliyounganishwa moja kwa moja. Washa gari likiwa baridi kabisa, AC imezimwa. Feni haitakiwi kuzunguka. Ikianza kuzunguka pale pale swichi inapofunguliwa, huenda mtu alikata waya akaipitisha kando ya kompyuta ya gari kwa sababu alishindwa kujua kwa nini joto linapanda. Tafuta waya wa rangi isiyofanana na wenzake, umefungwa selotepu, unakimbilia betri.

Ya pili ni thamostati iliyotolewa. Hili lina wafuasi wengi, utaambiwa "hapa kwetu kuna joto, hiyo ni ya Wazungu." Si kweli hata kidogo. Thamostati ya 1NZ hufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84. Kazi yake ni kuiacha injini ifike joto lake na kukaa hapo. Ukiitoa, injini inakimbia baridi, kompyuta inadhani bado ni asubuhi inamwaga petroli zaidi, oili inachafuka, na ulaji wa mafuta unapanda. Kibaya zaidi, hiyo ndiyo njia ya bei nafuu ya kuficha hedi gasketi, ile iliyo kati ya hedi na bloku ya injini, inayovuja kidogo mpaka gari liuzwe.

Kipimo chake hakihitaji fundi. Binamu aliwashe asubuhi likiwa limelala baridi, ahesabu taa ya bluu inakaa muda gani. Kisumu dakika chache tu zinatosha. Ikikaa imewaka kilomita nyingi barabarani, thamostati haipo au imeshikilia ikiwa wazi. Halafu apande kutoka Mamboleo kwenda Kiboswa, AC ikiwa imewashwa, watu wanne ndani, bila kulionea huruma. Afike juu, azime AC, ageuze, ateremke bila kukanyaga mafuta. Taa ya bluu ikirudi kwenye mteremko, nimekwisha kukuambia maana yake.

Kupanda huko ni muhimu kuliko kuzunguka mjini, na sababu yake ni ya kifizikia. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya bahari na maji ya wazi huchemka karibu nyuzi 96. Nakuru, mita 1,850, ni kama 94. Ukifika Mau Summit, juu zaidi njiani, ni chini ya nyuzi hizo. Radieta hulikwepa hilo kwa kifuniko chake kinachoshikilia presha ili maji yasichemke mapema. Kifuniko kikichoka, au hedi gasketi ikiwa imeanza kupitisha, gari linaloenda Kibuye, humo humo Kisumu, na kurudi bila shida linaweza kukuchemkia njiani ukilileta nyumbani siku hiyo hiyo uliyolilipia. Nimeona magari yakiuzwa Kisumu asubuhi yakavutwa kutoka Kericho jioni.

Kabla ya kuwasha, injini ikiwa baridi, na narudia baridi, kwa sababu kufungua radieta ya moto kumeunguza watu nyuso, afungue kifuniko aangalie ndani. Radieta mpya yenye maji ya kutu inaniambia kwamba walibadilisha radieta wakaacha uchafu ndani ya injini, na wanatia maji ya bomba. Kulanti safi ya pinki, nyekundu au kijani ni alama nzuri, ingawa inaweza kuwa imetiwa jana. Matone ya oili yanayoelea ni alama mbaya. Chembechembe za rangi ya shaba au unga uliokwama shingoni ni dawa ya kuziba nyufa, na hiyo kwangu ni sababu ya kufunga boneti na kusema asante. Abonyeze pia paipu ya juu ya radieta gari likiwa limelala usiku mzima: ikiwa bado ngumu ina presha, hewa ya silinda inaingia kwenye maji. Na atazame klipu za paipu hizo. Za kiwanda ni za springi. Za skrubu zinaonyesha paipu ilitolewa, jambo ambalo ni la kawaida pale penye radieta mpya, lakini klipu za skrubu kwenye paipu ndogondogo za nyuma ya injini zinaonyesha mtu aliingia ndani zaidi.

Ukipita hatua hizo zote na bado roho inasita, kuna vipimo viwili vya fundi vinavyomaliza ubishi. Kimoja ni chupa yenye maji ya bluu inayowekwa kwenye mdomo wa radieta injini ikiwa inanguruma: moshi wa silinda ukiwa unaingia kwenye maji, bluu hugeuka manjano. Kingine ni kompresheni, yaani kupima presha ya silinda moja moja, plagi zote zikiwa zimetolewa. Namba zenyewe hutegemea geji na betri. Mimi huangalia zaidi tofauti. Silinda moja ikiachana na wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, nataka maelezo. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, gasketi imekatika kati yao.

Moshi na oili nitavipitia haraka. Chomoa kijiti cha oili: injini hii iliundwa kwa oili nyepesi kama 5W-30. Ikiwa imejazwa oili nzito ya 20W-50, au imetiwa dawa ya kupunguza moshi, itakuwa inavutika kwenye kidole. Huko Kisumu wengi hutia nzito kwa mazoea, kwa hiyo peke yake si ushahidi. Baada ya kurudi kutoka Kiboswa, gari liachwe likinguruma limesimama dakika tano, kisha mtu akanyage mafuta ghafla huku mwingine amesimama nyuma. Pumzi moja ya moshi wa bluu ikaisha ni sili za valvu zimechoka. Moshi wa bluu usiokoma ukikanyaga ni ringi za pistoni. Mweupe mzito wenye harufu tamu ni maji.

Kuna uwezekano ambao wewe hukuutaja: injini yenyewe kuwa imebadilishwa. Gari likichemka vibaya, wengi huona ni nafuu kununua injini ya mtumba kutoka Japani kuliko kusawazisha hedi mashini. Utaijua kwa maandishi. Wale wanaobomoa magari Japani huandika juu ya injini na giaboksi kwa kalamu ya rangi, nyeupe au manjano: namba, herufi, wakati mwingine kilomita. Maandishi hayo hayatoki kwa urahisi hata ukiosha. Ukiyaona kwenye bloku au kwenye giaboksi, kifaa hicho hakikuja na gari. Mimi binafsi, kati ya injini iliyobadilishwa ikaandikishwa na risiti ipo, na injini ya asili iliyochemka ikafungwa kwa haraka, nachukua iliyobadilishwa bila kufikiri mara mbili.

Ila lazima iwe imeandikishwa. Ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, upande wa NTSA, mamlaka ya usafiri, lipia upekuzi wa gari, ni pesa kidogo tu. Utaona jina la mwenye gari, kama kuna mkopo wa benki au sako juu yake, namba ya chasi na namba ya injini. Linganisha na iliyochongwa kwenye bloku yenyewe, si kwenye kibandiko. Zikipishana, mwenye gari ndiye anayepaswa kurekebisha kumbukumbu kabla hujalipa. Ukinunua hivyo hivyo, siku polisi au bima watakapoangalia, mwenye maswali ya kujibu utakuwa wewe.

Mita ya kilomita 98,000 nayo tuitilie shaka kidogo. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo na pembeni mwa mlango, kisha chini ya boneti. Gereji za Japani hubandika vikaratasi vya oili vyenye tarehe na kilomita. Wauzaji wetu hawavisomi kwa sababu vimeandikwa Kijapani, lakini tarakimu ni zile zile. Mwaka unaweza kuandikwa kwa hesabu yao: 30 hapo ni mwaka wa 30 wa enzi ya Heisei, yaani 2018. Kikaratasi cha 2018 kinachosema 104,300 kwenye gari ambalo mita yake leo inasema 98,000 kimemaliza mazungumzo. Mwombe pia karatasi zilizokuja na gari, hasa cheti cha kulitoa Japani, maana huwa na usomaji wa mita. Akisema zimepotea, tazama ngozi ya usukani, pedali ya breki na kiti cha dereva upande wa kupandia. Hivyo havirudishwi nyuma kwa kompyuta.

Giaboksi ya Fielder hiyo kwa uwezekano mkubwa ni CVT, yaani otomatiki ya mkanda isiyo na gia za hatua, na hapa nina msimamo mkali. CVT iliyofunguliwa mtaani siinunui. Inataka mafuta yake maalumu. Mtu akiitia mafuta ya giaboksi za kawaida itakwenda, lakini itakufa polepole. Ukianza mwendo kutoka kusimama, mpaka kilomita 40 kwa saa, isitetemeke wala kusita. Ukiweka rivasi likiwa baridi, lishike ndani ya sekunde moja. Kelele ya mluzi inayopanda na mwendo ni beringi. Na chini, tazama kama sampu ya giaboksi ina silikoni ya yule yule fundi wa tapeti kava.

Taa za dashibodi: fungua swichi bila kuwasha injini. Zote ziwake, ya injini, ya oili, ya betri, ya ABS, ya mifuko ya hewa, kisha kila moja izime kwa wakati wake baada ya injini kuwaka. Taa ya injini isiyowaka kabisa imezibwa au imetolewa. Taa ya mifuko ya hewa inayozima sambamba na ya oili, sekunde ile ile, imeunganishwa nayo kwa waya, na mifuko huenda haipo. Fundi mwenye skana ataona pia kama makosa yamefutwa juzi. Kompyuta nyingi huweka kumbukumbu ya kilomita zilizopita tangu zifutwe. Zikiwa ni chache tu, mtu alizifuta kwa ajili yako.

Kwa kuwa gari liko Kisumu, vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho utazame kama sehemu ya ndani ina mstari wa tope, na uinue zulia la buti penye tairi ya spea. Mafuriko ya Nyando na uwanda wa Kano ya mwaka 2024 na ya miaka mingine yalizamisha magari, na gari la mafuriko halifai kwa bei yoyote, hata injini iwe na sauti tamu.

Sasa huyo mwenye gari aliyekasirika. Usimhukumu kwa hasira. Kuna watu wamechoshwa na mabroka wanaokuja kutoboa kasoro ili washushe bei. Mpigie umwambie hivi: "Mzee, gari nimelipenda. Nitakuja na fundi wangu Jumamosi asubuhi. Naomba usiliwashe kabla hatujafika." Sentensi ya mwisho ndiyo yenye kazi. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti na juu ya tapeti kava kabla ya kumsalimia mara ya pili. Likiwa la moto, amelipasha joto ili likufichie kitu, na hapo omba urudi siku nyingine au ukae unywe chai mpaka lipoe kabisa. Fundi awe wako, uliyemlipa wewe, asiwe rafiki wa mwenye gari wala wa binamu. Usitegemee ukaguzi wa bima au karatasi ya kuthamini bei peke yake. Hizo hutazama gari lilivyo kwa nje na thamani yake, hazipimi kompresheni.

Likipita yote isipokuwa silikoni ya juu, linunue, lakini mshushie bei ya gasketi mpya ya tapeti kava, oili na filta, pamoja na kushusha sampu kusafisha chujio. Thamostati ikiwa haipo lakini kipimo cha chupa ya bluu ni safi, nalo linazungumzika, kwa bei ya chini zaidi na thamostati mpya iwekwe kabla hujaanza safari ya kurudi Nakuru. Feni ya moja kwa moja pamoja na bolti za mauntingi zilizochubuka pamoja na neno "haijaguswa", achana nalo. Fielder ni nyingi.

Kwa sasa nitumie vitu vitatu: picha za bolti za mauntingi ya kulia, dakika ambazo taa ya bluu imekaa asubuhi, na namba ya injini kama ilivyo kwenye upekuzi wa NTSA na kama ilivyochongwa kwenye bloku. Nikishaziona nitakuambia kama inafaa kumlipa fundi wa kompresheni au nauli ya Kisumu ubaki nayo.